Ajenda si njama

Redio ikitangaza kipindupindu wiki nzima, hakosekani wa kusema: "Hawa wana ajenda yao." Anamaanisha njama. Nimelisikia hili mara nyingi mno, na linapoteza neno tunalolihitaji.

Kupanga ajenda, kwa watu wa taaluma ya habari, ni hivi: jambo linalorudiwa na kupewa nafasi kubwa ndilo umma huliona zito, na ndilo viongozi hulishughulikia kwanza. Maxwell McCombs na Donald Shaw walilipima jambo hilo kwa wapiga kura wa Chapel Hill, Marekani, mwaka 1968, wakachapisha matokeo 1972.

Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, "mambo ya kutendwa". Halina siri ndani. Aliyewahi kukaa kikao cha shule au cha kikoba analijua: kufungua kikao, muhtasari, yatokanayo, mwisho mengineyo. La mwanzo hujadiliwa watu wangali na nguvu. Lililoachwa kwenye mengineyo hufikiwa wajumbe wameshashika mikoba, ingawa hakuna hata mmoja aliyelipinga. Zamani tukitaka ubaya tulisema "ajenda ya siri". Ilibidi tuongeze hiyo siri. Sasa siri imedondoka, ubaya wake umeganda kwenye ajenda.

Chukua mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi kilianza hapo 2007, kikafungwa 2014. Sumu ya risasi hiyo huingia mwilini kimyakimya: damu inapungua, mtoto anachelewa kujifunza, mimba zinaharibika. Kipindupindu kina hesabu ya wagonjwa ya asubuhi na ya jioni, mtangazaji ana la kusoma. Risasi haina siku yake. Mwanaharakati Phyllis Omido na wakazi wa hapo walilazimika kuandamana, na mwaka 2012 Omido akakamatwa. Maandamano yanapigika picha, damu ya mtoto haipigiki. Gazeti linaweza kukaa kimya miaka kadhaa juu ya sumu ya namna hiyo bila mtu yeyote kula njama, na bado watoto wanaumia. Hilo ndilo linalonitia uchungu.

Kwa hiyo ukishuku mwandishi amepokea bahasha, sema bahasha. Ukiona upendeleo, uite upendeleo. Ukisema ajenda, tutakuuliza tu ni jambo gani lilikaa namba moja wiki hiyo, na lipi lilisukumwa kwenye mengineyo.