Kupogolewa kwa ubongo: simu inaingiaje katika ubongo wa kijana wa balehe

Mtoto akifika miaka 6 hivi, ubongo wake umeshafikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kwa hiyo kinachofanyika wakati wa balehe si ubongo kurefuka kama miguu. Unapogolewa.

Seli za neva hupokezana ujumbe kwenye viungio vidogo mno viitwavyo sinapsi, na mtoto mdogo anazo nyingi kuliko atakavyohitaji. Mwaka 1979, Peter Huttenlocher wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha, baada ya kuzihesabu kwa hadubini, kwamba wingi wa sinapsi katika sehemu ya mbele ya ubongo hufikia kilele utotoni, kisha hushuka hadi miaka ya ujana. Mkulima wa kahawa analijua hili shambani: mkahawa wenye matawi mengi mno hauzai vizuri, na yanayobaki baada ya kupogoa ndiyo yanayoshiba. Sinapsi zisizotumika huondolewa. Njia zinazotumika kila siku huvikwa mielini, utando wa mafuta unaoufanya ujumbe upite upesi. Ndiyo maana mazoea ya miaka 13 yana uzito ambao mazoea ya miaka 40 hayana.

Tena sehemu za ubongo hazikomai kwa pamoja. Mfumo wa tuzo, yaani sehemu zinazotutia hamu ya kupata kitu kizuri, ulio ndani kabisa ya ubongo, huchangamka mapema balehe inapoanza. Gamba la mbele, nyuma ya paji la uso, ndilo linalopima matokeo na kuzuia pupa, nalo hukamilika katikati ya miaka ya ishirini. Kijana anaweza kujua vizuri kwamba saa zimekwenda, na bado akashindwa kuiweka simu chini.

Hapa inaingia dopamini, ambayo wengi huiita kemikali ya raha. Jina hilo linapotosha. Katika majaribio ya mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz kwa nyani, mnyama aliwashiwa taa kisha akapewa juisi. Baada ya kujifunza, seli za dopamini hazikuitikia tena juisi, ziliitikia taa. Juisi ikija bila kutarajiwa, zilichangamka zaidi, na ilipokosekana wakati wake ulipofika, zilinyamaza. Kwa maneno mengine, dopamini hulinganisha kilichotarajiwa na kilichopatikana, na kuufundisha ubongo mahali pa kurudi kutafuta tena. Kwenye simu, mlio wa arifa ndio taa. Laiki ni juisi ambayo hakuna ajuaye itakuja lini wala ngapi, na tuzo isiyotabirika ndiyo inayojenga mazoea magumu zaidi kuvunja.

Mwaka 2016, watafiti wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, Marekani, waliwaweka vijana 32 wa miaka 13 hadi 18 ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwaonyesha picha mfano wa zile za Instagram, zikiwemo zao wenyewe. Idadi ya laiki iliwekwa na watafiti wenyewe, ila vijana waliamini imetoka kwa wenzao. Picha zao zilipoonekana na laiki nyingi, mfumo wa tuzo ulichangamka. Pia walielekea kuipenda picha iliyokwisha kupendwa na wengi, hata ikiwa ya sigara au pombe.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2023, uliwafuatilia wanafunzi 169 wa vijijini katika jimbo la North Carolina, Marekani, kwa miaka mitatu. Waliokuwa wakichungulia mitandao mara 15 au zaidi kwa siku, ubongo wao ulizidi kuwa mwepesi kuitikia dalili za kusifiwa au kukaripiwa na watu. Kwa waliochungulia mara chache, mwelekeo ulikuwa kinyume. Utafiti huo hauthibitishi kwamba simu ndiyo chanzo, kwa kuwa huenda kijana mwenye hisia kali za kijamii ndiye anayechungulia zaidi. Lakini unaonyesha cha kuangalia: dakika 30 za mfululizo si sawa na nusu dakika mara 60.

Hasara iliyo wazi kuliko zote ni usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Balehe yenyewe huchelewesha melatonini, homoni ya kuuandaa mwili kulala, na mwanga wa kioo cha simu karibu na macho huichelewesha zaidi. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda shule alipaswa kulala saa tatu usiku. Akiperuzi hadi saa sita, amebakiwa na saa 5, na usingizini ndimo masomo ya mchana yanapokazwa kwenye kumbukumbu.

Kwa hiyo, mzazi, anza na usiku. Simu ichajiwe sebuleni, yako pamoja nayo, na kijana anunuliwe saa ya kengele, maana kisingizio cha kwanza huwa ni alamu. Kisha zima arifa zote isipokuwa simu zinazopigwa na ujumbe wa nyumbani, na uzime video zinazojicheza zenyewe. Pangeni pamoja nyakati mbili au tatu za kufungua mitandao. Siku za mwanzo atakuwa na hasira, kwa sababu ubongo bado unaingoja ile juisi. Kumnyang'anya simu ghafla huharibu zaidi: ataazima ya rafiki, na siku akitukanwa au kutishwa mtandaoni hatathubutu kukuambia.