Kupima presha usiku: mkanda unaomgutua anayepimwa

Presha ya mtu haitulii kutwa kucha. Mchana hupanda na kushuka kwa hasira, kwa kupanda ngazi, hata kwa kumwona daktari tu. Usiku, mtu akishapitiwa na usingizi, moyo hupunguza kasi, mishipa hulegea, na presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 chini ya ile ya mchana. Kushuka huko ndiko kunakotafutwa mgonjwa anapovalishwa kipimo cha saa 24. Ambaye presha yake haishuki hata kwa asilimia 10 yumo katika hatari zaidi ya kiharusi na maradhi ya moyo na figo, hata kama akipimwa kliniki mchana anaonekana mzima.

Kifaa chenyewe ni mkanda uleule wa kufungwa mkononi, wenye mpira unaoishia kwenye mashine ndogo ya kuning'iniza kiunoni. Mchana hujaa upepo kila baada ya dakika 15 hadi 30, usiku kila baada ya dakika 30 hadi 60. Piga hesabu: ukilala kwa muda wa saa nane na mashine imepangwa kila nusu saa, mkono utabanwa mara 16 kabla hakujapambazuka.

Na hapo ndipo kwenye kitendawili. Mashine haiwezi kupima bila kuubana mshipa hadi damu isimame kidogo, kwa hiyo mwenye presha kubwa ndiye anayebanwa zaidi. Wapo wanaolala fofofo wasijue kitu. Wapo wanaoamka na kulaani. Wengine ubongo hugutuka kwa sekunde chache tu, na asubuhi hawakumbuki lolote. Kila mguto huamsha neva zinazoupa moyo kasi na kukaza mishipa, presha ikapanda. Mashine basi huenda ikaandika presha iliyoipandisha yenyewe.

Watafiti wa Italia waliochapisha matokeo yao mwaka 2007 waliona kwamba kwa wagonjwa waliolala pungufu ya kawaida yao kwa saa mbili au zaidi, presha ya usiku haikuwa tena kiashiria kizuri cha hatari ya mbele. Ndiyo maana naona jina la “presha isiyoshuka” hutolewa haraka mno baada ya usiku mmoja wa mang'amung'amu. Kipimo kirudiwe kwanza. Isipokuwa kama mtu anakoroma sana na pumzi humkatika usingizini. Huyo presha yake inaweza kugoma kushuka kwa sababu ya pumzi hizo, na mkanda usisingiziwe.

Kuna na hila ya mkao. Ukilalia ubavu, mkono wenye mkanda ukiwa juu, unakuwa umeuzidi moyo kimo, na kwa kila sentimita 10 kipimo husoma pungufu kwa takriban milimita 7 au 8 za zebaki. Hapo usiku huonekana mwema kuliko ulivyo.

Ukivalishwa, andika saa uliyolala hasa na saa uliyoamka, si saa uliyopanda kitandani, na useme kama usingizi ulikuja au haukuja. Mkanda ukianza kujaa, uache mkono umelegea. Asubuhi daktari atatazama kama wastani wa usiku umefika 120 kwa 70, ambayo kwa usiku ni presha ya juu, na karatasi yako ndiyo itakayomwambia usiku wenyewe ulianzia wapi.