Katsuya Nomura: Mdakaji Aliyegeuka Kocha Mkuu

Wanaoanza kufuatilia besiboli ya Japani aghalabu huanzia kwa mpigaji Sadaharu Oh na hom-rani zake 868, yaani mapigo yanayoupeleka mpira nje ya uwanja. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuwafunza wadakaji chipukizi, huanzia kwa anayemfuata katika orodha hiyo, Katsuya Nomura, aliyepiga 657, kwani simfahamu mwingine ambaye maisha yake yanaonyesha wazi kiasi hicho jinsi nafasi ya mdakaji inavyomlea kocha mkuu.

Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, na ndiye mchezaji pekee anayeutazama uwanja wote kwa mbele huku wenzake wakimtazama yeye. Kabla ya kila mpira humpa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, ishara ya vidole kuhusu aina ya mpira na mahali pa kuulenga, na ili achague vyema hana budi kukumbuka mpigaji huyu alifanya nini mara iliyopita, miguu yake imekaaje sasa, na anatarajia nini.

Nomura alizaliwa mwaka 1935 katika mkoa wa Kyoto, na baba yake alifia vitani China yeye akiwa bado mtoto mdogo. Aliingia klabu ya Nankai Hawks mwaka 1954 kwa njia ya majaribio, na msimu wa kwanza hakupata hata pigo moja. Mwaka 1965 aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga, kwa hom-rani na kwa mikimbio, yaani pointi, aliyoileta nyumbani, jambo ambalo hadi wakati huo hakuna aliyekuwa amelifanya Japani tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika. Kuanzia 1970 hadi 1977 alikuwa mdakaji, mpigaji tegemeo na kocha mkuu kwa wakati mmoja, na mwaka 1973 Nankai ikatwaa ubingwa wa Ligi ya Pasifiki, mojawapo ya ligi mbili kuu za Japani.

Katika miaka hiyo alikabiliana na Yutaka Fukumoto wa klabu ya Hankyu, aliyeiba besi 106 mwaka 1972, yaani kukimbilia kituo kinachofuata mrushaji anapoanza kurusha. Wengi wangelitafuta jibu la kumzuia katika mkono wa mdakaji, lakini Nomura alilitafuta katika mguu wa mrushaji. Mrushaji anapoinua goti juu, mkimbiaji hupata nafasi ya kuondoka mapema, na mpira humfikia mdakaji wakati muda umekwisha kupotea. Akawafundisha warushaji wake kuinua mguu kidogo tu na kuachia mpira upesi, mtindo ambao leo kila mrushaji nchini Japani hujifunza. Ninalipenda sana jibu hili, kwa sababu ni mdakaji pekee anayeweza kuuona mguu ule na mkimbiaji yule kwa jicho moja.

Macho hayohayo ndiyo yaliyomwona Yutaka Enatsu, mrushaji nyota ambaye mkono wake haukuweza tena kumaliza mechi nzima. Mwaka 1977 Nomura alimshawishi akubali kuingia mwishoni mwa mechi, wakati ambapo warushaji wenye majina waliiona kazi hiyo kuwa kushushwa cheo. Enatsu alikuja kuzimalizia mechi klabu za Hiroshima na kisha Nippon-Ham zilipotwaa ubingwa.

Nomura alistaafu kucheza mwaka 1980 akiwa na miaka 45. Alipokabidhiwa ukocha wa klabu ya Yakult Swallows mwaka 1990, alimweka mdakaji aliyeanza mwaka huo, Atsuya Furuta, karibu naye benchini, akimhoji na kumkaripia kuhusu sababu ya kila ishara aliyotoa. Mwaka uliofuata Furuta aliongoza ligi kwa wastani wa kupiga, na Yakult ikatwaa ubingwa wa ligi mwaka 1992, 1993, 1995 na 1997, mara tatu kati ya hizo ikishinda pia Mfululizo wa Japani, fainali kati ya mabingwa wa ligi hizo mbili.

Klabu ya Hanshin Tigers alikokwenda baadaye ilishika mkia misimu yote mitatu, 1999 hadi 2001, na sioni haja ya kulificha hilo. Njia yake ilidai mchezaji anayekubali kufikiri kila siku, na mahali ambapo hakumpata mdakaji wa kuibeba fikra hiyo uwanjani, haikuzaa matunda. Rakuten, klabu changa, aliifikisha nafasi ya pili mwaka 2009. Alipoondoka hapo, akiwa kocha mkuu katika klabu zote alikuwa ameshinda mechi 1565 na kupoteza 1563.

Alifariki Februari 2020. Mwaka uliofuata Yakult ilitwaa Mfululizo wa Japani chini ya Shingo Takatsu, mrushaji ambaye Nomura ndiye aliyemhimiza kujifunza sinka ya polepole, mpira unaozama unapomkaribia mpigaji, uliomfanya mmaliziaji wa mechi wa kutegemewa.