Mzee akipiga kelele akiogeshwa sio ukorofi
Nyie mnaofanya kazi kwenye nyumba za wazee huko Marekani, hii habari ya "bibi ana ugonjwa wa kusahau ndo maana anapiga watu akiogeshwa" tuiache jamani, mara nyingi anaumia tu na kusema hawezi. Muangalie usoni, ukiinua bega lenye baridi yabisi anakunja sura, anaguna, anang'ang'ania reli ya kitanda. Mwambie nesi, kama ameandikiwa dawa ya maumivu apewe nusu saa hadi saa moja kabla ya kuoga, sio baada ya kilio. Kumvalisha anza na mkono unaouma, kumvua uwe wa mwisho, usimnyanyue kwa kumvuta makwapa, na bafuni sio lazima, taulo lenye maji ya vuguvugu palepale kitandani linasafisha vizuri tu.