Tapakulo wa Andes: spishi zinazotofautishwa kwa sauti

Tapakulo wa jenasi Scytalopus ni ndege wadogo wa kijivu, urefu wa sentimita 10 hadi 13 hivi, wanaokimbia chini ya vichaka na mianzi kama panya. Makao yao makuu ni milima ya Andes, ingawa wengine wako kusini-mashariki mwa Brazili na wachache wamefika Kosta Rika. Kuna spishi zaidi ya 40, na nyingi zinafanana kiasi kwamba hata mtaalamu mwenye ndege mkononi anaweza kukosea.

Rangi husaidia kidogo tu. Scytalopus atratus ana baka jeupe utosini, alama nzuri ukiiona, lakini makinda wa karibu spishi zote wana rangi ya kahawia yenye mistari. Ukimwona mmoja wa kahawia, usikimbilie kusema ni aina tofauti.

Sauti ndiyo inayoaminika. Kundi hili la ndege halijifunzi wimbo kwa kuiga wakubwa, huzaliwa nao. Kwa hiyo wimbo haubadiliki ovyo, na tofauti yake ni ushahidi wa ukoo. Mwaka 1997 wataalamu wa ndege Niels Krabbe na Thomas Schulenberg waliutumia kupanga upya tapakulo wa Ekuado: jina magellanicus, lililokuwa limebeba aina nyingi za Andes, likabaki kwa ndege wa kusini mwa Chile na Ajentina. Mwaka 2020 spishi tatu mpya zilitangazwa kutoka Peru.

Baada ya sauti, tazama mwinuko. Kwenye mteremko wa mashariki wa Ekuado spishi hupangana kwa tabaka: atratus huwa chini, kisha micropterus, spillmanni kuanzia mita 1,900 hivi, na opacus karibu na ukomo wa miti, mita 3,000 na zaidi. Mipaka hupishana. Hapo sikiliza: spillmanni hutoa mtiririko wa haraka mrefu, micropterus hurudia noti mbilimbili kwa utulivu.

Kosa la kawaida ni kulinganisha mlio wa hofu wa ndege mmoja na wimbo wa mwingine. Rekodi dakika kadhaa, hesabu noti kwa sekunde, andika mwinuko na upande wa mlima. Ukimchezea rekodi, mara mbili au tatu zatosha. Akishajibu, zima, maana kila jibu linamtoa kwenye kulinda eneo lake na kutafuta wadudu.