Bosi, mfumo sio kazi ya kijana wa kompyuta

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mzee mmoja mwenye ghala na kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Mtwara: "Mwanangu, hayo ya mfumo ongea na kijana wa kompyuta, mi mniite siku ya uzinduzi." Jamani. Hiyo kauli imeua mifumo ya ERP (programu moja ya kuendesha biashara nzima) mingi kuliko virusi.

ERP sio printa useme unachomeka inachapa. Ni manunuzi, stoo, uzalishaji, mishahara na uhasibu wote kusoma namba moja, sasa kijana wa kompyuta ndo aamue nani anaidhinisha malipo? Ndo amwambie mhasibu mwenye miaka 20 kazini aachane na kaunta buku lake? Hana ubavu huo, mwenye mali ndo anao. Kuna mteja wangu mfumo ulienda vizuri wiki mbili, alafu bosi akaanza kumpigia mtu wa stoo saa 12 jioni, "toa gunia 40 gari linasubiri, tutaandika kesho", kesho ikawa keshokutwa, mwisho wa mwezi skrini inasoma gunia 212 ghalani ziko 172, na anayeitwa ni mimi. "Mfumo wako unaiba." Hauibi baba, umefichwa habari. Na mtu wa stoo akishaona bosi mwenyewe anauruka, naye karudi kwenye daftari lake, simlaumu. Siku hizi sharti langu ni moja: bosi akae kikao nusu saa kila Jumatatu, na gari lisitoke getini bila karatasi ya mfumo hata likiwa la shemeji yake. Hataki, simfungii mfumo.

Mengine ninayoambiwa na wateja, chapchap. Eti mfumo utasafisha data. Hausafishi kitu, ukiingiza "gunia", "magunia" na "gunia jute" utakuwa na bidhaa tatu, na huyu akiandika kilo yule gunia ndo mmeisha. Safisheni kwenye Excel kwanza.

Eti tuubadilishe ufanane na tulivyozoea. Lidl, wale wa supamaketi wa Ujerumani, walizoea kuhesabu stoo kwa bei ya kununulia, ERP ya maduka ya kampuni ya SAP ilikaa kwa bei ya kuuzia, wakaipinda pinda miaka saba, 2018 wakaitupa, zimeenda kama euro milioni 500.

Eti tuwashe Oktoba ili msimu utukute tayari. Minada ya korosho ndo inaanza hiyo! Hershey, watengeneza chokoleti wa Marekani, walibana mradi wa miezi 48 ukawa 30, wakawasha Julai 1999, oda za Halloween (sikukuu yao ya mwisho wa Oktoba, watoto wanagawiwa pipi) zikawakuta bado wanahangaika, pipi zimejaa ghalani na oda za dola milioni 100 hazijaenda. Washeni Machi au Aprili, ghala limepungua, hata kuhesabu stoo ya kuanzia sio kazi.

Yule mzee nimemwambia tukutane Jumatatu. Kasema atamtuma kijana.