Usikariri Tamathali, Itafute Kazi Yake

Nikisahihisha majibu ya fasihi, hakuna sentensi ninayokutana nayo mara nyingi kama hii: "Mwandishi ametumia tashbihi, sitiari na takriri ili kuipamba lugha." Anayeandika hivyo ametaja majina tu ya tamathali, yaani mbinu za kuipa lugha mvuto na uzito. Mimi nataka kujua kingepungua nini lau tamathali ile ingeondolewa. Swali hilo ndilo ninalofundishia istilahi zote, na wanafunzi wangu huzishika upesi kuliko wakikariri orodha.

Tuchukue ugomvi. "Ugomvi wao ulikuwa kama moto" ni tashbihi: vitu viwili vimewekwa ubavu kwa ubavu, na "kama" inavitenga. Mithili ya, ja na sawa na hufanya kazi iyo hiyo. Iondoe "kama": "Ugomvi wao ulikuwa moto." Hapo ni sitiari, kitu kimoja kimegeuka kingine. Sasa soma hii: "Ugomvi ule aliukoka mwenyewe, akauchochea kwa maneno, hata majivu yakamrukia usoni." Moto haukutajwa, lakini tunauona ukikokwa, ukiwaka, ukizimika. Picha iliyojengwa hivyo ndiyo jazanda. Tena tazama vitenzi: kukoka na kuchochea ni kazi za mkono. Mwandishi ameshamtwika mhusika lawama bila kutamka neno "kosa". Jibu linalogusa hapo ndilo ninalolifurahia.

Tashihisi, chuku (kutia chumvi) na tafsida (kusema jambo zito kwa maneno laini) hazisumbui wengi. Njaa ikibisha hodi, kila mtu anajua kwamba njaa imepewa sifa za binadamu.

Kinachosumbua ni kinaya na kejeli. Daktari anayewakanya wagonjwa wasivute tumbaku, kisha yeye mwenyewe akauawa na tumbaku, hicho ni kinaya: mambo yamekwenda kinyume na yaliyotarajiwa, wala hapakuwa na aliyekusudia kumcheka. Mtu akivunja chungu, mwenzake akamwambia, "Hongera, fundi wa mikono," hiyo ni kejeli. Ina msemaji, ina anayelengwa, na inachoma. Kwa hiyo ninapokwama huuliza: nani anapigwa hapa, na nani anapiga? Nisipowapata, naelekea kwenye kinaya. Kwenye tamthilia kuna kinaya kingine kitamu zaidi, pale hadhira inapojua jambo ambalo mhusika halijui, naye anaendelea kujigamba mbele yetu.

Kwa mazoezi, methali zinafaa mno kwa sababu ni fupi na zimebeba mengi. "Mchumia juani, hulia kivulini." Hesabu mizani, yaani silabi: saba kwa saba. Pande zote mbili zinaishia kwa -ni. Jua limekabiliana na kivuli, na kukabilishana huko kwa maneno yenye maana kinzani huitwa tanakuzi. Taabu na raha hazikutajwa. Zimewakilishwa na jua na kivuli.

Jambo moja la kuangalia unapobadilisha vitabu ni tabaini. Wengine huitumia kwa ukinzani wa mawazo, karibu sawa na hiyo tanakuzi. Wengine huitumia kwa msisitizo unaotokana na kurudia "si", kama "si mrefu, si mfupi, si mnene". Matumizi yote mawili yamo vitabuni, kwa hiyo katika jibu lako taja kwanza umeishika maana ipi, kisha unukuu mstari wenyewe.